Saa 3 ya nani? XML na safari ya data kati ya programu za sayansi

Chukua daftari la mtafiti wa malaria. Amekesha kijijini akihesabu mbu wanaokuja kuuma watu, saa kwa saa, tangu jua kuzama hadi kuchomoza. Kwenye mstari mmoja ameandika: saa 3, mbu 14. Kwake hakuna utata wowote. Ni saa tatu za usiku, watu wamemaliza kula, wengi bado wako barazani wanapiga soga, na ni watoto tu walioingia kwenye chandarua. Wiki mbili baadaye karani anaingiza namba hizo kwenye kompyuta. Kwenye safu ya saa anaandika 3, kwenye safu ya mbu anaandika 14. Mwezi unaofuata faili linafika kwa mtakwimu aliyeko Basel au London. Programu yake inaisoma ile 3 kuwa 03:00, ambayo kwetu ni saa tisa za usiku, wakati kijiji kizima kimelala.

Sasa angalia kilichotokea. Mbu 14 waliowauma watu barazani wamehamishiwa usiku wa manane. Ukifanya hesabu kwa data hiyo, chandarua kitaonekana kinakinga watu dhidi ya mbu ambao kwa kweli walikwisha kuuma kabla mtu hajapanda kitandani. Hakuna aliyekosea kunakili, hakuna tarakimu iliyopotea. Kilichopotea ni maana ya tarakimu, kwa sababu ilikuwa kichwani mwa mtu na haikuwekwa ndani ya faili.

Nimeanzia hapo kwa sababu XML, lugha ya kuandikia data kwa lebo, huelezwa mara nyingi kama suala la alama na mabano, na msomaji akishaona mabano anachoka. Mabano ni sehemu rahisi. Kazi ngumu, ambayo ndiyo imewashughulisha wanasayansi kwa zaidi ya robo karne, ni kuitoa maana kichwani mwa mtu na kuiweka mahali ambapo programu iliyoandikwa na mtu mwingine, katika nchi nyingine, itaikuta.

Kabla ya XML, na hata leo katika maabara nyingi, programu hupeana data kwa maandishi matupu: namba zimepangwa kwa safu, na koma au nafasi inatenganisha. Mafaili ya CSV ndiyo tunayoyajua zaidi. Ni mepesi, yanafunguka popote, na kwa kazi ndogo ya mtu mmoja yanatosha kabisa. Shida huanza yanapovuka mpaka. Kompyuta yenye mipangilio ya Kifaransa, kama zilivyo nyingi Lubumbashi na Bujumbura, huandika 27,4 pale ambapo ya Nairobi au Dar es Salaam huandika 27.4. Lakini koma ndiyo kitenganishi cha safu! Joto moja linakuwa namba mbili, na kila kilichofuata kwenye mstari huo kinasogea hatua moja kulia. Tarehe nazo zina yake: 03/04/2019 ni Aprili kwetu, ila ni Machi kwa Mmarekani.

Wanabiolojia wanalijua jambo hili kwa uchungu. Kuna jeni za binadamu zilizoitwa SEPT2 na MARCH1. Ukifungua orodha yake kwa Excel, programu hudhani ni tarehe na kuzigeuza kuwa 2 Septemba na 1 Machi bila kuuliza. Mwaka 2016 watafiti waliopitia makala za jenomiki zenye majedwali ya Excel waligundua kwamba takriban moja kati ya kila tano ina makosa ya aina hii. Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni ilisalimu amri, ikazibadilisha jeni zenyewe majina: SEPT2 ikawa SEPTIN2, MARCH1 ikawa MARCHF1. Hebu fikiria, jina la kitu kilicho ndani ya mwili wa kila mtu limebadilishwa kwa sababu faili halikuwa na namna ya kusema "hili ni jina, si tarehe."

XML ina namna ya kusema hivyo. Mstari wa daftari letu unaweza kuandikwa hivi:

<hesabu>
  <muda>2019-04-03T21:00:00+03:00</muda>
  <mahali>nje</mahali>
  <mbu jamii="Anopheles funestus">14</mbu>
</hesabu>

Kila taarifa imefungwa kati ya lebo mbili, ya kufungulia na ya kufungia, na lebo inataja kilichomo. Ndani ya lebo ya kufungulia unaweza kuweka sifa, kama hapo ilipotajwa jamii ya mbu. Lebo huingia ndani ya lebo nyingine kama masanduku, hivyo mbu ni wa hesabu hii na si ya jirani yake. Muda umeandikwa kwa utaratibu wa kimataifa: mwaka, mwezi, siku, kisha saa kwa mtindo wa 24, kisha tofauti na saa ya dunia. Ile +03:00 ni Afrika Mashariki yetu. Daftari lingetoka Kigali au Lubumbashi ingekuwa +02:00. Saa 3 haina tena mahali pa kujificha.

Lugha hii ilipitishwa rasmi na shirika la viwango vya wavuti, W3C, tarehe 10 Februari 1998, ikiwa imepunguzwa kutoka lugha kubwa na nzito zaidi iitwayo SGML ambayo ilikuwa kiwango cha kimataifa tangu 1986. Huenda unaitumia kila siku bila kujua. Chukua waraka wowote wa Word wenye kiambishi .docx, nakili, badilisha kiambishi kiwe .zip, kisha ufungue: ndani utakuta mafaili ya XML. Na kama umewahi kupita nyumba kwa nyumba ukijaza dodoso kwenye simu kwa ODK, programu ya kukusanyia data, fomu uliyoijaza iliandikwa kwa XML, na majibu uliyoyatuma jioni ulipopata mtandao yalisafiri kama XML.

Hapa inafaa kutenganisha mambo matatu ambayo watu huyachanganya, na mchanganyiko huo ndio unaowafanya baadhi waseme XML haina faida.

La kwanza ni umbo. Kila lebo iliyofunguliwa ifungwe, masanduku yasipishane, alama maalumu zisiachwe ovyo. Mfano mdogo wa nyumbani: ukiandika mnyama='ng'ombe' faili linavunjika, kwa kuwa ile alama ya ng' inasomeka kama mwisho wa thamani. Andika mnyama="ng'ombe" na kila kitu kinapona. Kwa kanuni za XML, programu inayosoma ikikuta kosa la umbo haina ruhusa ya kubahatisha. Ni lazima isimame na kulalamika. Kivinjari cha wavuti kimezoea kusamehe ukurasa uliovurugika. Kwenye data ya kisayansi msamaha wa namna hiyo ni hatari, na mimi nafurahi kwamba waliobuni XML waliukataa.

La pili ni kanuni za faili fulani, zinazoandikwa kwenye faili la pembeni liitwalo skima. Skima yetu inaweza kusema: kila hesabu ni lazima iwe na muda, idadi ya mbu ni namba nzima isiyopungua sifuri, mahali ni "ndani" au "nje" na si kingine. Karani akiandika "uani", au akiandika -14, faili linakataliwa siku hiyo hiyo, angali anakumbuka alichokiona. Hii ni faida kubwa kuliko inavyosikika. Kosa linalogunduliwa na karani ni la dakika mbili. Kosa hilo hilo likigunduliwa na mtakwimu miezi sita baadaye ni barua pepe kumi, na mara nyingine halina dawa.

La tatu ni maana, na hapo XML yenyewe haisaidii. Lebo <joto> inasomeka kwako kwa kuwa unajua Kiswahili. Kwa kompyuta ni herufi nne tu. Joto la nini, la hewa au la mwili, kwa selsiasi au kwa kelvini, lilipimwa juani au kivulini? Majibu ya hayo hupatikana pale tu ambapo watu wa fani moja wameketi, wakabishana, wakakubaliana, wakaandika makubaliano yao.

Mfano ninaoupenda ni programu ya OpenMalaria, kwa sababu ni ya sayansi halisi na kwa sababu ina mizizi Tanzania. Inaigiza ndani ya kompyuta jinsi malaria inavyoenea katika jamii: watu mmoja mmoja wanazaliwa, wanaumwa na mbu, wanapata vimelea, wanatibiwa, wanajenga kinga. Ilianzishwa na watafiti wa Taasisi ya Tropiki ya Uswisi mjini Basel, taasisi ambayo imekuwa ikifanya kazi Ifakara, mkoani Morogoro, tangu miaka ya 1950. Ndiyo maana mgawanyo wa umri wa watu unaotumiwa sana kwenye modeli hiyo ni wa Ifakara, na msimu wa mbu uliotumika kuijengea ni wa Namawala, kijiji cha bonde la Kilombero.

Maelezo yote ya jaribio moja huingia kwenye faili moja la XML: watu, ufuatiliaji, mfumo wa afya, mbu, afua kama vyandarua au dawa, na vigezo vya modeli. Kwa nini usumbufu huo? Kwa sababu majaribio hayakuwa moja wala kumi. Yalikuwa maelfu, na yaligawiwa kwa kompyuta za watu waliojitolea duniani kote kupitia mradi wa malariacontrol.net, kila moja ikipokea faili lake na kurudisha jibu. Programu moja ilitengeneza mafaili kwa kuchukua faili-mama na kubadilisha namba chache, nyingine ikasambaza, ya tatu ikaigiza. Skima ilisimama mlangoni. Faili lenye kasoro halikustahili kupelekwa kwenye kompyuta ya mtu wa watu huko ng'ambo likatumie umeme wake bure.

Lakini sikiliza kisa cha namba 73. OpenMalaria haihesabu muda kwa siku bali kwa hatua, na hatua ya kawaida ilikuwa siku 5. Mwaka wa siku 365 una hatua 73. Kwa hiyo aliyetaka vyandarua vigawiwe baada ya mwaka mmoja aliandika 73. Skima ilikubali, kwani 73 ni namba nzima nzuri. Kisha modeli ikapata uwezo wa kwenda kwa hatua ya siku 1. Faili lile lile, lebo zile zile, umbo safi, skima imeridhika: vyandarua sasa vinagawiwa siku ya 73, katikati ya Machi. Matoleo ya baadaye yaliruhusu kizio kiandikwe wazi kando ya namba, yaani "1y" kwa mwaka, "365d" kwa siku, "73t" kwa hatua. Herufi moja tu! Ni hadithi ya saa 3 tena, safari hii ndani ya XML iliyopangwa vizuri kabisa, na waliotibu tatizo ni watu walioamua kuandika kile walichokuwa wanakijua wao kwa wao.

Jambo lingine la kuangalia kwenye programu hiyo ni matokeo yake. Hayatoki kwa XML. Yanatoka kama safu nne za namba: awamu ya upimaji, kundi, aina ya kipimo, na thamani. Aina ya kipimo nayo ni namba: 0 ni idadi ya watu, 1 ni walioambukizwa, 3 ni wale ambao vimelea vyao vinaonekana kwa darubini. Naona uamuzi huo ni sahihi. Maelezo ya jaribio ni mafupi na yana matawi mengi, XML inayafaa. Matokeo ni mistari mingi sana ya umbo moja, na kurudia lebo kwenye kila namba ni kubeba maji kwa kijiko. Sharti lake ni kwamba jedwali linaloeleza 0 ni nini na 3 ni nini lisitengane na faili hata siku moja.

Biolojia ya mifumo ilipitia njia inayofanana na hiyo, ikaenda mbali zaidi. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1990, mtu akitengeneza modeli ya mwitikio wa kikemia ndani ya seli, alichapisha milinganyo kwenye jarida. Aliyetaka kuitumia aliichapa upya kwa mkono kutoka kwenye karatasi hadi kwenye programu yake, na alama moja ya kutoa ikisahaulika, seli inakufa au inavimba bila kikomo. Mwaka 2000 waandishi wa programu kadhaa zilizokuwa zikifanya kazi zinazokaribiana walikutana katika chuo kikuu cha Caltech, Marekani, na mwaka 2001 wakatoa SBML, lugha ya pamoja iliyoandikwa kwa XML. Inataja vyumba vya seli, kemikali zilizomo, na miitikio inayogeuza moja kuwa nyingine.

Mabadiliko yake yanafundisha. Kwenye ngazi ya kwanza, milinganyo iliandikwa kama maandishi ya kawaida, mfano "k1*A*B". Kila programu ilibidi iyachambue yenyewe, na kila moja ilikuwa na tabia zake. Ngazi ya pili, mwaka 2003, ikahamia MathML, XML ya hisabati, ambamo kuzidisha ni lebo na si alama ya kukisia. Mwandishi wa programu hakutakiwa tena kuandika msomaji wake mwenyewe. Maktaba ya libSBML, yaani msimbo ulioandikwa tayari ili programu nyingine ziutumie, ilimfanyia kazi hiyo, nayo hukagua hata vizio, ikimwonya kwamba upande huu wa mlinganyo ni moli kwa lita na upande ule ni moli tu. Tangu 2005 hazina ya BioModels, iliyoko Uingereza, inakusanya modeli zilizochapishwa kwa lugha hii, na wahariri wake hujaribu kuziendesha waone kama zinatoa kile makala ilichodai. Mwanafunzi wa Makerere au Muhimbili anaweza kupakua modeli moja leo na kuiendesha kwenye programu tofauti kabisa na ile iliyoizaa.

Kukubaliana si kazi ya siku moja, lakini. Wataalamu wa spektrometa ya masi, mashine inayopima uzito wa molekuli, waliwahi kuwa na lugha mbili za XML kwa kazi ile ile. Maabara moja ya Seattle ilitoa mzXML mwaka 2004, na kamati ya kimataifa ikawa na mzData yake. Waandishi wa programu wakalazimika kusoma zote mbili, na hapo faida ya kuwa na kiwango kimoja ikayeyuka. Mwaka 2008 zikaunganishwa kuwa mzML. Walichofanya vizuri ni kutoa majina nje ya skima: badala ya kubuni lebo kwa kila aina ya mashine, mzML inataja namba ya istilahi iliyomo kwenye kamusi ya pamoja ya fani. Mashine mpya ikitoka, kamusi inaongezwa neno na skima inabaki ilivyo.

Mashine hizo hutema mamilioni ya namba. Ukiziandika moja moja kwa tarakimu, faili linafura na usomaji unakwenda polepole. Kwa hiyo mzML huzikusanya zikiwa katika umbo la ndani la kompyuta, huzibana, kisha huzigeuza kuwa herufi kwa njia ya base64, ambayo hutumia herufi nne kubeba baiti tatu. Wanaastronomia walikabili mzigo huo huo. Majedwali yao ya VOTable, yaliyotolewa 2002, hutumia XML kueleza kila safu ni nini na kizio chake ni kipi, huku namba zenyewe zikiruhusiwa kukaa kwenye faili la FITS, muundo ambao fani yao imeutumia tangu 1981. Ukiwa na picha za satelaiti au data ya hali ya hewa ya miaka mingi, usijitese na XML: miundo ya mafaili ya NetCDF na HDF5 ilitengenezwa kwa ajili hiyo. Na kama ni programu mbili za wavuti zinazopeana ujumbe mfupi, muundo wa JSON ni mwepesi zaidi. XML inabaki na nguvu pale ambapo maelezo yana matawi, yanakaguliwa kwa skima, na yanatakiwa kusomeka hata baada ya programu iliyoyaandika kufa.

Mambo mawili madogo huumiza watu kila mara. Moja ni tarakimu. Namba ya desimali ndani ya kompyuta, ile ya biti 64, inahitaji hadi tarakimu 17 ili irudi kama ilivyokuwa. Programu ikiandika tarakimu sita kwa ajili ya uzuri, inayoisoma itaanzia mahali tofauti kidogo, na kwenye modeli nyeti tofauti hiyo hukua. La pili ni pengo. Vituo vya hali ya hewa vimezoea kuandika -9999 mahali ambapo hakuna kipimo. Asiyeambiwa hujumlisha, na wastani wa mvua ya mwezi unakuwa chini ya sifuri. Kwenye XML una uwezo wa kuacha lebo kabisa, kuiweka tupu, au kuiwekea alama kwamba thamani haipo. Chagua moja na uiandike kwenye skima, kwa sababu "hatukupima" na "tulipima tukapata sifuri" ni habari mbili tofauti.

Turudi kwenye daftari la mbu. Ukipewa kazi ya kulihamishia kwenye XML, mistari mingi itakuwa rahisi: kazi ilianza jioni, hivyo saa 1 ya kwanza ni 19:00, saa 3 ni 21:00, saa 9 ni 03:00. Kisha utafika kwenye ukurasa ulioandikwa kwa mwandiko mwingine, ambapo usiku unaanza na 18, 19, 20, halafu katikati inatokea 3 peke yake. Ni ya mtindo wa kwanza au wa pili? Hapo usiandike 21:00 kwa kuwa inaelekea kuwa hivyo. Acha hesabu ya mbu ilivyo, iache lebo ya muda bila thamani, ongeza sifa inayosema chanzo kiliandika "3" tu, halafu mpigie simu aliyekesha usiku ule.